Namna ya Kukadiria Jinsi Mitetemo ya Atomi Inavyozuia Joto katika Fuwele za Vizimba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa fizikia na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hapa Tabora, ambao wana kikokotoo, daftari, kamba na mchanga, lakini hawana maabara yenye miali ya nyutroni. Kwa vifaa hivyo vichache inawezekana kulielewa na kulikadiria kwa hesabu jambo ambalo limewashughulisha wanafizikia kwa muda mrefu: kwa nini baadhi ya fuwele, ambazo atomi zake zimepangwa kwa utaratibu mzuri kabisa, hupitisha joto kidogo kama kioo cha dirisha, ambacho atomi zake hazina mpangilio.

Fuwele tutakayoitumia kuwa mfano ni klatrati, yaani fuwele ya vizimba, ya bariamu, galiamu na gerimaniamu, ambayo kanuni yake ya kikemia ni Ba₈Ga₁₆Ge₃₀. Seli yake ya msingi ni mchemraba wenye ubavu wa nanomita 1.08. Ndani ya mchemraba huo atomi 46 za galiamu na gerimaniamu zimeungana na kujenga vizimba 8, viwili vidogo vyenye vipeo 20 na sita vikubwa vyenye vipeo 24, na katika kila kizimba amekaa mgeni mmoja, yaani atomi ya bariamu. Umbo hilo hilo la vizimba hupatikana pia katika barafu yenye gesi ya methani, ambako molekuli 46 za maji huchukua nafasi ya atomi za kuta. Na barafu hiyo nayo hupitisha joto kwa kiasi cha kama robo tu ya barafu ya kawaida.

Wengi humweleza mgeni huyo kwa mfano wa kokoto iliyo ndani ya njuga za mcheza ngoma: iko huru, inagonga kuta huku na huku, na kwa kugonga huko inayatawanya mawimbi ya joto. Mfano huo unafaa kwa siku ya kwanza ya somo, na baada ya hapo unapotosha. Atomi ya bariamu haiko huru. Imeshikwa na kani dhaifu kutoka pande zote za kizimba, ina masafa yake yenyewe ya kutetemeka, na mtetemo wake unashikamana na ule wa kuta kiasi kwamba wakati mwingine haiwezekani kusema mtetemo huu ni wa nani. Kwa hiyo kazi yetu ni kugawa sifa kwa haki: ni kiasi gani cha upungufu wa joto kinatokana na wingi wa atomi katika seli, ni kiasi gani kinatokana na mawimbi kupungua kasi, na ni kiasi gani kinatokana na mawimbi kutawanywa.

Faida ya kazi hii si ya darasani peke yake. Tangu Seebeck alipoonyesha mwaka 1821 kwamba tofauti ya joto kati ya maungio mawili ya metali huzaa mkondo wa umeme, watu wametafuta kitu kinachopitisha umeme vizuri na joto vibaya, na mwaka 1995 Mmarekani Glen Slack alilieleza lengo hilo kwa ufupi: kitu kiwe fuwele kwa elektroni na kioo kwa mitetemo. Anayejua mabani ya kukaushia tumbaku kule Urambo na Kaliua anajua ni joto kiasi gani la kuni za miombo hupotea na moshi. Sidai kwamba klatrati itafungwa kesho kwenye bomba la bani, kwa sababu galiamu na gerimaniamu ni ghali. Nasema kwamba kifaa chochote cha kuvuna joto la namna hiyo kitahitaji kipande ambacho upande mmoja unabaki moto na wa pili unabaki baridi, na hapo ndipo mitetemo ya atomi inapoingia.

Kutenga joto la elektroni

Joto katika nusukipitishi, kama klatrati yetu, hubebwa na elektroni zinazotembea na pia na mitetemo ya atomi. Kipimo cha maabara hutoa jumla ya vyote viwili, na anayelinganisha jumla hizo bila kuzitenga huipa mitetemo sifa au lawama isiyo yake. Sheria ya Wiedemann na Franz inatosha hapa: zidisha upitishaji wa umeme kwa halijoto katika kelvini, kisha kwa 2.44 × 10⁻⁸. Tuchukue, kwa ajili ya zoezi, sampuli yenye upitishaji wa umeme wa siemensi 50,000 kwa mita katika kelvini 300. Sehemu ya elektroni inakuwa wati 0.37 kwa mita kwa kelvini. Kama jumla iliyopimwa ni 1.4, kinachobaki kwa mitetemo ni karibu 1.0, na hiyo ndiyo namba tutakayoendelea nayo, kwa kuwa klatrati za aina hii zipo katika kiwango hicho. Kigezo cha 2.44 kinafaa pale elektroni zinapokuwa nyingi kama katika metali. Zikiwa chache, hushuka kuelekea 1.5.

Linganisha sasa: gerimaniamu safi hupitisha kama wati 60 kwa mita kwa kelvini katika halijoto ya kawaida, na kioo cha dirisha kama 1. Klatrati yetu imejengwa kwa sehemu kubwa na gerimaniamu ile ile, na bado imeshuka mara 60.

Kutafuta tofauti hiyo imejificha wapi

Kanuni ya kuanzia ni κ = ⅓ × C × v × l. Hapa κ ni upitishaji wa joto, C ni joto linalohifadhiwa katika mita moja ya ujazo kwa kila kelvini moja, v ni kasi ya wimbi la mtetemo, na l ni umbali wa wastani ambao wimbi linasafiri kabla ya kuvurugwa. Usiikariri kanuni hii ukaiacha hapo; ikokotoe kipande kwa kipande, kwa sababu kila kipande kina habari yake.

Anza na C. Katika halijoto ya kawaida kila atomi huhifadhi takriban 3k, ambapo k, kigezo cha Boltzmann, ni 1.38 × 10⁻²³. Klatrati ina atomi 54 katika seli ya ujazo wa 1.26 × 10⁻²⁷ za mita za ujazo, kwa hiyo 54 × 3 × 1.38 × 10⁻²³ ukigawa kwa ujazo huo unapata jouli milioni 1.8. Gerimaniamu safi ina atomi 8 katika mchemraba wa ubavu wa nanomita 0.566, na ukirudia hesabu utapata tena kama jouli milioni 1.8. Mwanafunzi afanye hesabu hizi mbili kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana wengi hudhani kwamba klatrati imepungukiwa na uwezo wa kuhifadhi joto, na hesabu inaonyesha wazi kwamba sivyo.

Kasi ya sauti nayo haitofautiani sana: tumia mita 3,500 kwa sekunde kwa gerimaniamu na mita 2,700 kwa klatrati kuwa makadirio ya wastani. Yamebaki mambo ya l. Ukigeuza kanuni na kuandika l = 3κ ÷ (C × v), gerimaniamu inatoa nanomita 29. Klatrati inatoa nanomita 0.6.

Simama hapa na uiangalie namba hiyo ya mwisho kabla ya kuendelea. Ubavu wa seli ni nanomita 1.08. Hesabu inadai kwamba wimbi linavurugwa kabla halijamaliza kuvuka hata seli moja, na kitu kinachovurugika namna hiyo hakistahili hata kuitwa wimbi. Kwa muda mrefu jibu kama hili lilichukuliwa kuwa ushahidi kwamba wageni wanatawanya mawimbi kwa ukali mkubwa mno. Maoni yangu ni kwamba jibu hilo linatuonya kuwa tumeingiza kitu kisicho sahihi kwenye kanuni, na kitu hicho si l bali ni ile C tuliyoipatanisha na kasi ya sauti.

Kuhesabu mitetemo na kuigawa

Fuwele yenye atomi N katika seli yake ndogo kabisa inayojirudia ina aina 3N za mitetemo. Kati ya hizo, 3 tu ndizo mitetemo ya sauti, ambayo atomi jirani huenda pamoja na wimbi hukimbia kwa kasi ya sauti. Zote zilizobaki ni mitetemo ya ndani, ambayo atomi za seli moja hutetemeka zikipishana, na wimbi lake husogea polepole sana au halisogei kabisa. Mitetemo ya ndani huhifadhi joto kama ile mingine, ila hailibebi mbali.

Gerimaniamu ina atomi 2 katika seli yake ndogo kabisa, kwa hiyo ina aina 6 za mitetemo na nusu yake ni ya sauti. Klatrati ina atomi 54, aina 162, na za sauti ni 3 tu, yaani moja katika kila 54. Kwa hiyo joto linaloweza kubebwa kwa kasi ya sauti si jouli milioni 1.8 bali ni kama jouli 33,000. Rudisha namba hiyo kwenye kanuni, na l ya klatrati inaruka kutoka nanomita 0.6 hadi kama nanomita 34. Gerimaniamu, ikigawiwa kwa njia hiyo hiyo, inakuwa na kama nanomita 58.

Ni tofauti kubwa kwa hesabu fupi kiasi hicho. Hesabu ya kwanza ilisema mawimbi ya klatrati yanatawanywa mara nyingi zaidi ya yale ya gerimaniamu. Ya pili inasema yanasafiri umbali unaokaribiana. Ukweli uko katikati, kwa kuwa mitetemo ya ndani nayo hubeba joto kidogo na ile ya sauti haifiki juu ikiwa na kasi kamili, lakini mwanafunzi aliyefanya hesabu zote mbili hawezi tena kukubali kirahisi kwamba mgeni ndiye mwenye kazi yote.

Upo pia ushahidi wa maabara unaoelekea huko huko. Silikoni inaweza kutengenezwa kuwa klatrati ya aina nyingine, Si₁₃₆, ambayo vizimba vyake ni vitupu karibu vyote. Silikoni ya kawaida hupitisha kama wati 150 kwa mita kwa kelvini. Klatrati hiyo tupu ilipimwa na kukutwa na kama 2.5. Hakuna mgeni, na joto limeshuka kwa kiasi hicho kwa sababu ya ujenzi wa vizimba wenyewe. Kwa upande mwingine kuna skuterudaiti, fuwele zilizopewa jina la Skutterud nchini Norwei, ambazo kizimba chake kinaweza kuachwa kitupu au kujazwa: kobalti na antimoni peke yake, CoSb₃, hupitisha kama wati 10, na ukijaza vizimba kwa atomi nzito kiasi hicho hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Mgeni ana mchango, na ni mchango unaopimika. Ila ni mchango juu ya ule wa nyumba.

Kupata masafa ya mgeni

Njia rahisi inatumia kipimo ambacho wataalamu wa miali ya eksirei hukitoa kila wanapochunguza fuwele: umbali wa wastani ambao atomi huyumba kutoka mahali pake. Kwa atomi iliyoshikwa kama kwenye springi, masafa ni (1 ÷ 2π) × √(kT ÷ (m × u²)), ambapo T ni halijoto katika kelvini, m ni tungamo la atomi na u ni kuyumba huko katika mwelekeo mmoja. Bariamu ina tungamo la 2.28 × 10⁻²⁵ za kilo. Chukua u ya nanomita 0.017 katika kelvini 300, na jibu ni kama mitetemo trilioni 1.26 kwa sekunde. Ukizidisha masafa hayo kwa kigezo cha Planck na kugawa kwa k, unapata kelvini 60, ambayo ni karibu na ile inayopatikana kwa bariamu iliyo katika kizimba kikubwa.

Jambo la kuliweka akilini ni kwamba mitetemo ya gerimaniamu safi hupanda hadi kama trilioni 9 kwa sekunde. Mgeni, kwa uzito wake na kwa ulegevu wa kani zinazomshika, amekaa chini kabisa, palepale ambapo mitetemo ya sauti inayobeba joto inapita. Mitetemo miwili yenye masafa sawa na inayogusana haiwezi kuvukana. Hukaribiana, kisha kila mmoja hugeuka na kushika njia ya mwenzake, na katika mgeuko huo wimbi la sauti hupoteza kasi hadi karibu na sifuri. Mwaka 2008 kundi la Mogens Christensen lilitumia miali ya nyutroni kuufuatilia mgeuko huo katika Ba₈Ga₁₆Ge₃₀, na mwaka huo huo kundi la Michael Marek Koza likaonyesha kwamba katika skuterudaiti zilizojazwa wageni hawatetemeki ovyo kila mmoja peke yake, bali kwa pamoja na kuta.

Kuujenga mfano kwa kamba na mchanga

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi huona kwa macho kitu ambacho hesabu imekisema.

Shona vifuko 8 vya kitambaa kigumu, kila kimoja kiwe na mchanga mkavu wa gramu 500, na vifuko vidogo 8 vya gramu 165. Uwiano huo una sababu: katika klatrati yetu kila mgeni ana tungamo ambalo ni theluthi moja ya tungamo la kuta zinazomhusu, na 165 ni karibu theluthi ya 500. Mzani wa dukani unatosha. Ning'iniza vile vikubwa kwenye boriti ya baraza kwa kamba za sentimita 60, kimoja kila baada ya sentimita 20, kisha unganisha kila kifuko na jirani yake kwa kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kilichovutwa kidogo ili kisilegee vifuko vinapokaribiana. Kifuko cha mwisho kifungwe kwa mpira kwenye nguzo. Chini ya kila kifuko kikubwa ning'iniza kidogo kwa uzi wa sentimita 12, ukipima kutoka fundo hadi katikati ya kifuko. Pendulamu ya urefu huo hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 0.7.

Kabla ya kuning'iniza vile vidogo, sukuma kifuko cha kwanza mbele na nyuma kwa mpigo wa sare, ukielekea upande wa safu, na mwanafunzi mmoja arekodi kwa simu. Wimbi litafika mwisho. Sasa fungeni wageni mahali pao na mrudie. Kwa mpigo wa polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde 1.2 hivi, wimbi bado linapita na wageni wanaenda pamoja na vifuko vyao. Harakisheni kidogo kidogo mkielekea sekunde 0.7. Mtaona wageni wakianza kuyumba kuliko vifuko vinavyowabeba, na wimbi likichukua muda mrefu zaidi kufika. Kisha, karibu na masafa ya mgeni mwenyewe, kifuko cha kwanza na cha pili vinahangaika na vile vya mwisho vinabaki vimetulia. Mkipita hapo hadi mizunguko miwili na zaidi kwa sekunde, wimbi linaanza kupita tena, wageni wakiyumba kinyume na vifuko vyao. Iwapo halipiti, mpira ni dhaifu: wekeni kipande kipana zaidi.

Mwangalie jambo moja kwa makini katika picha za simu. Wimbi lililokwama halikutawanyika kuwa fujo. Vifuko na wageni vinaendelea kutetemeka kwa utaratibu, ila nguvu haisogei kwenda mbele. Huko ndiko kupungua kwa kasi, na ni tofauti na kutawanywa. Ukitaka kuonyesha kutawanywa, badilisha urefu wa nyuzi za wageni ovyo, huyu sentimita 8, yule 16, na rekodi tena.

Mfano una mipaka ambayo mwalimu anapaswa kuitaja waziwazi. Vifuko vikiyumba kidogo, wimbi moja halimgusi mwenzake, na kama si upepo na msuguano lingedumu. Katika fuwele halisi mawimbi ya joto hugongana: mawili huungana kuwa moja, au moja hugawanyika kuwa mawili, kwa sharti la kutunza nishati. Masafa mengi ya chini ambayo wageni wameyaleta hufungua njia nyingi zaidi za kugongana huko, na hivyo hupunguza pia maisha ya mawimbi yanayopita karibu. Kwa hiyo mgeni anafanya kazi mbili, kuliburuza wimbi na kulifupishia umri, na ya pili haimo kwenye kamba zetu.

Kusoma grafu ya halijoto ya chini

Atakayekutana na grafu ya upitishaji joto dhidi ya halijoto aanze kuisoma upande wa kushoto, chini ya kelvini 50, kwa sababu katika halijoto ya kawaida klatrati nyingi zinafanana. Fuwele ya kawaida huonyesha kilima huko chini, pale mawimbi yanaposafiri mbali bila kugongana. Ba₈Ga₁₆Ge₃₀ ambayo umeme wake hubebwa na elektroni ina kilima hicho. Sr₈Ga₁₆Ge₃₀, yenye strontiamu badala ya bariamu, haina. Mstari wake unalala na kubonyea kama wa kioo. Kuta ni zile zile, idadi ya atomi ni ile ile, na hesabu yetu ya 3 kati ya 162 haiwezi kuzitofautisha. Kinachotofautiana ni mahali pa mgeni: strontiamu ni ndogo kwa kizimba kikubwa, nayo hukaa pembeni, kama nanomita 0.03 kutoka katikati, ikiwa na sehemu nne za kuchagua, na kuhama kwake kati ya sehemu hizo ndiko kunakovuruga mawimbi marefu ya halijoto ya chini. Hapo neno kutawanywa linatumika kwa haki. Andika basi kwenye daftari, kwa kila klatrati unayoisoma, mambo matatu: idadi ya atomi katika seli, masafa ya mgeni, na kama mgeni amekaa katikati au pembeni, ndipo uulize upitishaji wake wa joto ni kiasi gani.